Kitanda cha Mstari wa Pili

Mdogo wangu aliolewa na Mtaliano aliyekuja Ruangwa kuchimba visima. Walikutana kwenye kisima kilichokuwa kinachimbwa nyuma ya zahanati alikokuwa akifanya kazi ya uuguzi, na mwaka uliofuata akaondoka naye. Kwetu Chinongwe watu walisema kaenda Ulaya, wakiwa na picha ya theluji na makoti mazito. Kumbe alikwenda kwenye jua kali, mji mdogo wa pwani kusini kabisa mwa Italia, ambako familia ya mumewe inakodisha miavuli na vitanda vya ufukweni. Mtu analipia mwavuli mmoja na vitanda viwili, anakaa hapo wiki mbili au mwezi mzima, anaangalia bahari. Nilipoelezwa biashara hiyo kwa mara ya kwanza kwenye simu nilidhani mtandao unakatakata.

Kwa miaka alikuwa ananiita nami nakwepa. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja hapa Nachingwea, na mwalimu hakosi kisingizio: mitihani, usahihishaji, mikutano ya wazazi. Halafu kulikuwa na mama. Baba alipofariki mama alikataa kuhama Chinongwe, na kila Jumamosi ya pili nilikuwa napanda basi au bodaboda kwenda kumwona. Kwa hiyo nilikuwa nafundisha habari za Mediterania kila mwaka, kiangazi kikavu, mvua wakati wa baridi, zeituni na zabibu, nikichora ramani ubaoni bila hata hamu ya kwenda kuangalia.

Mwaka jana akanipigia kwa sauti ambayo sikuizoea.

"Dada, safari hii usinikatalie. Njoo ukae. Sitaki ufanye kitu chochote, ukae tu."

"Nikae tu?"

"Ukae tu. Wiki tatu."

Likizo yangu ya mwaka iliangukia Agosti, mwezi mbaya kuliko yote kwa mtu wa huku kusafiri. Agosti mikorosho inatoa maua, na maua yakitoka ubwiriunga nao unakuja, ule unga mweupe unaokausha shada zima kabla korosho haijashika. Mikorosho ya mama ilikuwa imebakiza awamu mbili za kupuliziwa dawa ya salfa. Nilizungumza na jirani mwenye mashine ya kupulizia, nikamwachia mifuko ya salfa, nikamweleza mara tatu aanzie upande gani, mpaka mama akaniambia kwa Kimwera kwamba mikorosho ile aliipanda yeye kabla mimi sijajua kutembea. Nikaondoka.

Nilifika mchana. Mdogo wangu alikuwa amenenepa kidogo na amekata nywele. Tulikumbatiana kwenye uwanja wa ndege, akalia, mimi nikabaki nimeshika sanduku kwa sababu niliogopa litachukuliwa. Shemeji alituendesha kwenye barabara iliyopita katikati ya vilima, na kwa saa nzima niliangalia dirishani. Majani yalikuwa yamekauka yote, rangi ya ngozi ya simba. Kandokando ya barabara kulikuwa na sehemu nyeusi zilizoungua. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya vichaka. Ukiondoa bahari iliyokuwa inatokea na kupotea upande wa kushoto, ningeweza kuapa kwamba tuko njiani kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa.

"Umeonaje?" shemeji akauliza kwa Kiswahili chake cha Ruangwa, ambacho hajakisahau.

"Mmechoma mashamba?"

Akacheka. "Hapana. Moto unakuja wenyewe kila mwaka. Watu wanatupa sigara."

Asubuhi ya pili nilipelekwa ufukweni. Miavuli ilikuwa imepangwa kwa mistari, ya bluu na nyeupe, kama madawati ya chumba cha mtihani. Nilipewa kitanda cha mstari wa pili, mwavuli wa nne kutoka kwenye njia ya mbao. Mdogo wangu alitandika taulo, akaweka chupa ya maji, akanishika mabega akanikalisha, kisha akaenda kazini, yaani kupita kati ya vitanda akifungua miavuli na kupeleka kahawa. Mama mkwe wake, mwanamke mrefu mwenye miwani ya jua kubwa, alikuwa amekaa kwenye kibanda cha mbele na daftari la wageni. Aliniinamishia kichwa. Nikainamisha changu.

Nilijaribu, nasema kweli. Nililala chali. Nikaangalia chini ya mwavuli, nikahesabu mbavu zake nane. Nikageuka. Kushoto kwangu mume na mke wa makamo walikuwa wamelala midomo wazi saa nne asubuhi. Mbele yangu mwanamke alikuwa anajipaka mafuta mguu mmoja, polepole, kama anayepaka rangi mlango, na alipomaliza akaanza wa pili. Hakuna aliyekuwa anasubiri kitu. Hilo ndilo lililonisumbua. Mimi nimezoea kuona watu wamekaa, hospitalini, halmashauri, ghala la chama cha ushirika, lakini wanasubiri. Hapa walikuwa wamekaa na jambo limekwisha.

Baada ya dakika arobaini nilisimama, nikakunja taulo, nikaanza kuokota vikombe vilivyoachwa mchangani. Mdogo wangu alikuja mbio.

"Dada, acha."

"Nakusaidia tu."

"Usinisaidie. Lala."

Alasiri aliniingiza majini anifundishe kuelea. Sisi wa Chinongwe tumekua na mto unaokauka, nilikuwa sijawahi kuingia maji yanayozidi magoti. Bahari ile haina mawimbi ya maana, imetulia, unaona vidole vyako vya miguu na samaki wadogo wanapita katikati yake. Aliniwekea kiganja mgongoni. "Legeza shingo," akasema. "Mimi nimekushika." Nikasema nimelegeza. "Hujalegeza, shingo ngumu kama mchi." Alipoondoa kiganja nilizama, nikainuka nakohoa chumvi. Tulirudia siku nne. Kila mara nilikuwa najikuta nafikiria kama jirani ameanzia upande wa mashariki, ambako upepo unaanzia.

Siku ya tano niliamka kabla yao nikapanda kilimani.

Nyuma ya mji kulikuwa na njia ya mawe inayopita kwenye misonobari halafu inatokea kwenye mashamba ya mizeituni. Nyenze walikuwa wameshaanza kupiga kelele, tena kelele kuliko hawa wetu, mti mzima unatetema. Mijusi walikuwa wanakimbia juu ya kuta za mawe. Kulikuwa na vijani vidogo vya kijivu ambavyo ukivikanyaga vinatoa harufu ya dawa ya kifua, na mipungate yenye miiba na matunda mekundu, na mtini uliojiotea wenyewe kwenye ufa wa ukuta. Nikavunja tini moja, ikatoa utomvu mweupe, nikaila. Ilikuwa tamu mpaka meno yakauma.

Mzeituni sikuutegemea uwe vile. Kwenye vitabu unachorwa kama mti wa mapambo. Ule niliouona ulikuwa na shina lililopinda na kujikunja, matawi yameinama karibu na ardhi, na kivuli cheusi kilichojaa majani makavu. Ulikuwa umesimama vilevile unavyosimama mkorosho mzee. Nilishika gome lake nikajisikia nyumbani na nikajisikia vibaya, vyote kwa pamoja.

Mwanamke wa rika langu, kofia ya majani kichwani, alikuwa amepiga magoti chini ya mti mmoja anakata machipukizi yanayoota kwenye kitako cha shina. Aliinua macho akaniona. Nilisema neno la salamu nililofundishwa. Akajibu. Kisha tukaangaliana, maneno yameisha. Nilionyesha machipukizi, nikaonyesha mkasi, nikaonyesha kifua changu. Alifikiri kidogo, akaenda kwenye gari lake dogo akaniletea mkasi mwingine.

Tulifanya kazi mpaka jua lilipokuwa kali. Alikata machipukizi upande mmoja, mimi upande mwingine, kisha akanipa reki tukavuta majani makavu kutoka chini ya miti na kuyakusanya mbali, kwenye uwanja wa mawe. Nilielewa bila kuambiwa. Anaogopa moto. Saa tatu tulikaa ukutani, akanipa mkate wenye nyanya na mafuta ya zeituni. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, mwili wangu ulitulia.

Nilikwenda asubuhi tatu mfululizo, narudi kabla miavuli haijajaa. Siku ya nne mdogo wangu alinikuta mlangoni nina vumbi mpaka nyusi na mikono imechubuka.

"Umetoka wapi?"

Nikamwambia. Nilidhani atacheka. Alikaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa mikono yake miwili.

"Nani amekuona?" akauliza.

"Anione nani? Yule mama mwenye shamba. Na watu wawili na trekta."

"Dada, unajua nimeishi hapa miaka mingapi? Kila nikishuka dukani mtu mpya ananiuliza natoka shamba gani. Shamba gani, yaani navuna nyanya za nani. Mama mkwe mwenyewe, mwaka wa kwanza, aliwaambia wageni kwamba mimi ni msaidizi. Hakuwa na ubaya, alishindwa tu kutamka kwamba mimi ni mkwe wake." Alikuwa anaongea taratibu, haangalii usoni mwangu. "Nikasema siku moja dada yangu atakuja. Ni mwalimu. Atalala kwenye kitanda cha mstari wa pili, na mimi nitampelekea kahawa, na wote watamwona amelala. Ndicho nilichotaka. Nilikuambia ukae tu."

Nilikaa ngazi ya chini yake. Nilitaka kumwambia kwamba kazi si aibu, maneno ambayo nimewaambia wanafunzi mara elfu, nikaona ni maneno ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumdhania kibarua.

"Nisamehe," nikasema.

"Nenda kaoge."

Kuanzia siku hiyo nililala. Nilivaa gauni la maua alilonishonea, nikavaa miwani ya jua, nikalala kwenye kitanda changu kuanzia saa tatu mpaka saa kumi. Aliniletea kahawa kwenye sinia, nami nikaipokea kwa vidole viwili kama mke wa mkuu wa mkoa. Wanawake wa miavuli ya jirani walianza kunisalimu. Mmoja alinigawia vipande vya tikiti. Mdogo wangu alipita akiwa amenyoosha shingo. Na ndani yangu miguu ilikuwa inakimbia. Nilijifunza kulala bila kutikisika huku nimekaza ngumi chini ya taulo. Mchana nilimpigia mama. Jirani ameshapuliza? Ameshapuliza. Ameanzia wapi? Mama akasema, "Huko hakuna watu wa kuongea nao?" akakata simu.

Wiki ya tatu upepo ulibadilika. Ulikuja wa moto kutoka kusini, wenye mchanga, na wazee wa pale walisema unatoka Afrika, wakanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuleta. Siku mbili baadaye, mchana, nikanusa moshi. Nilinusa kabla ya mtu mwingine yeyote pale, nina hakika, kwa sababu nilikaa wima nikageuka nyuma wakati wote wamelala. Juu ya kilima, kwenye misonobari, kulikuwa na uzi wa moshi wa rangi ya maziwa. Muda mfupi baadaye ukawa mweusi.

Watu walisimama na simu zao. Waokoaji walipuliza filimbi, wakawatoa waogeleaji majini, kisha ndege ya njano ikaja chini kabisa, tumbo likagusa bahari mbele yetu, ikachota maji na kuinuka ikielekea kilimani. Baadhi ya watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia upepo unasukuma moshi upande gani. Ulikuwa unasukuma upande wa mizeituni.

Nilivua miwani. Nilimwona mdogo wangu amesimama kwenye njia ya mbao na sinia mkononi, ananiangalia. Sikutaka kumwaibisha mara ya pili, kwa hiyo sikusogea. Kisha akaweka sinia chini, mchangani, na vikombe vyake vyote.

"Yule mama yuko peke yake kule?" akauliza.

"Huwa yuko peke yake."

"Chukua taulo. Chukua zote."

Tulizilowesha baharini, tukazitupa nyuma ya gari. Mama mkwe alitoka kwenye kibanda akaita. Mdogo wangu hakugeuka. Barabara ilikuwa bado haijafungwa. Tulipofika, yule mwanamke alikuwa anapiga moto wa majani kwa koleo kwenye ukingo wa shamba, kofia imeanguka, uso mwekundu. Moto wenyewe ulikuwa mfupi, wa nyasi, ule unaotambaa. Huo naujua. Chinongwe kila mtoto anaujua. Hupigi kwa nguvu, unaufunika na kuuburuta kurudi ulikotoka, maana ukipiga cheche zinaruka. Nilimwonyesha mdogo wangu, ingawa hakuhitaji kuonyeshwa. Tulijipanga mstari, sisi watatu, na taulo za bluu na nyeupe za wageni, tukafunika na kuburuta. Mdogo wangu alikuwa anatafsiri kwa kupiga kelele katikati ya kukohoa. Mara moja nilimsikia anatukana kwa Kimwera, tusi la bibi yetu, nikacheka mpaka moshi ukaniingia kifuani.

Zimamoto walikuja na gari lao, wakatutoa na kutukaripia, na walikuwa na haki. Upande wa juu wa shamba, ambako hatukuwahi kuvuta majani, mizeituni kumi na kitu iliungua. Upande wa chini majani makavu yalikuwa yameshaondolewa, moto ukafika pale na kukosa cha kula. Yule mwanamke alitembea mti hadi mti akiishika. Kisha alimwambia mdogo wangu maneno marefu.

"Anasema nini?"

"Anasema alikuwa anajiuliza mbona huulizi malipo." Mdogo wangu alifuta uso, akazidi kujipaka masizi. "Nimemwambia wewe ni dada yangu, mwalimu wa jiografia, uko likizo."

"Amesemaje?"

"Anasema hajawahi kuona likizo ya namna hii."

Tuliporudi ufukweni miavuli miwili ilikuwa imeng'olewa na upepo na mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya mistari. Aliongea. Sauti yake ilipanda, akaonyesha taulo zilizoungua, akaonyesha wageni. Mdogo wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa na masizi usoni na nywele zimejaa majivu, kisha akajibu. Hakupaza sauti, lakini alijibu kwa muda mrefu, mbele ya mstari wa kwanza na wa pili na wa tatu. Sikuelewa neno hata moja. Niliona tu kwamba mke na mume wa makamo walikuwa wameamka, na kwamba mama mkwe alivua miwani yake kwa mara ya kwanza tangu nifike. Macho yake yalikuwa madogo na yamechoka.

Baadaye nilimuuliza shemeji, aliyesikia yote, mdogo wangu alisema nini. Alikuna kichwa.

"Mengi," akasema. "Alisema hatapeleka tena kahawa kwa mtu asiyejua jina lake."

Siku mbili za mwisho ilikuwa mama mkwe ndiye aliyeniletea kahawa. Aliiweka kwenye meza ndogo bila tabasamu, akavuta kiti, akakaa karibu nami kwenye kivuli. Hatukuwa na lugha. Tulikaa. Kahawa ilikuwa chungu sana na sikuomba sukari.

Nilirudi Nachingwea Septemba, muhula uko katikati. Jirani alikuwa amepuliza vizuri, korosho zilikuwa zimeshika, hakuna aliyenihitaji kwa lolote. Nilidhani nikifika nyumbani ule muwasho wa kushindwa kukaa utakwisha. Haukwisha. Nilikuwa nasimama darasani, nikisema mizeituni, natazama nje ya dirisha kwenye vumbi na bodaboda zinazopita, na mkono wenye chaki unabaki hewani. Nikikaa nyumbani nasimama. Nikisimama natafuta pa kukaa.

Mdogo wangu ananipigia sasa akiwa kilimani, sio ufukweni. Yule mwanamke amempa ile mizeituni iliyoungua aiangalie. Inachipua upya kutoka kwenye vitako. Asubuhi anaipunguzia machipukizi, mchana anashuka kwenye miavuli. Wakimuuliza anatoka shamba gani, anawatajia.

Desemba nilimchukua mama kwenda Lindi. Tulipanda basi linalotoka Ruangwa. Mama amezaliwa mkoa huu na hajawahi kukaa ufukweni, amewahi kupita tu akienda hospitali. Nilitandika khanga yake mchangani, nikamkalisha, nikamnunulia dafu. Aliliangalia lile jambo lote, maji, anga, wavulana wanaocheza mpira, kwa macho ya mtu anayekagua shamba la mwenzake.

"Mdogo wako anaishi mbele ya kitu kama hiki?"

"Kama hiki. Kimetulia zaidi."

"Na watu wanakuja kufanya nini?"

"Wanalala, mama."

Alikunywa dafu lake mpaka likaisha. Hata robo saa haikupita akaanza kujipukuta mchanga miguuni. "Basi, nimeyaona," akasema kwa Kimwera. "Twende, kuna mbaazi sijapalilia."

Nikamwambia tukae kidogo. Yeye tayari alikuwa amesimama, mkoba mkononi, ananisubiri niondoke kwenye khanga yake.